Punguzo la rangi katika kipimo cha mapafu

Mashine ya kupima mapafu, ambayo wataalamu huiita spirometa, huanza kazi kwa maswali. Kabla mpimwaji hajapuliza, mhudumu hujaza umri, jinsia na kimo chake, na katika mashine nyingi zinazoletwa kutoka nje hufuata swali la nne: huyu ni wa asili gani? Orodha hujitokeza kwenye kioo: Mzungu, Mmarekani Mweusi, Mwasia wa Kaskazini-Mashariki, Mwasia wa Kusini-Mashariki, au "mwingine". Kibarua wa kiwanda cha saruji Tanga hayumo humo, wala mchimbaji wa Mererani, wala mama wa Kakamega aliyepikia kuni maisha yake yote. Mhudumu hubaki kuchagua linalokaribia, na linalokaribia ni Mmarekani Mweusi. Kidole kikigusa hapo, mashine hupunguza kiasi cha hewa itakachodai kwa mtu huyo kabla ya kumtangaza mzima. Nasema punguzo hilo lizimwe katika kila spirometa inayotumika Afrika Mashariki, na kwanza kabisa katika zile zinazotumika kuwapima wafanyakazi, kwa sababu huko ndiko linakoweza kumnyima mtu haki yake bila hata mwenyewe kujua kwamba lipo.

Kifaa chenyewe hakina hila. Mpimwaji hukaa wima, hubanwa pua kwa kibanio, huvuta hewa mpaka kifua kisipokee tena, kisha hufumbata bomba kwa midomo na kupuliza kwa nguvu zake zote bila kukata, mpaka mapafu yaishiwe. Kwa mtu mzima hilo huchukua kama sekunde 6, na mhudumu anayeijua kazi husimama kando akimhimiza apulize, aendelee, asiache, kwa sababu wengi hukata tamaa kabla hewa haijakwisha. Zoezi hurudiwa walau mara 3, na mipulizo miwili iliyo bora haitakiwi kupishana kwa zaidi ya mililita 150. Ikipishana, anaambiwa arudie. Mashine nayo hukaguliwa kwa bomba la sirinji la lita 3: ukisukuma lita 3 na ikasoma namba iliyo mbali na hiyo, hupimi mtu yeyote mpaka irekebishwe. Kinachotafutwa ni namba mbili, yaani hewa yote iliyotoka na ile iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Ya pili ikiwa ndogo mno ukiilinganisha na ya kwanza, chini ya kama asilimia 70 hivi, njia za hewa zimebana, kama ilivyo kwa pumu au ugonjwa sugu wa mapafu. Uwiano ukiwa mzuri lakini hewa yote ni kidogo, kuna uwezekano kwamba mapafu yenyewe yamekakamaa au yamesinyaa, kwa vumbi la mawe au kwa makovu ya kifua kikuu kilichokwisha kutibiwa.

Hadi hapo tuna lita, na lita hazijui rangi ya mtu. Tatizo huingia pale mashine inapogeuza lita kuwa asilimia, kwani asilimia ni lazima iwe asilimia ya kitu fulani, na kitu hicho ni "kawaida" iliyokokotolewa kutoka kwa watu wengine. Tumchukue mfanyakazi wa kubuni. Tuseme kwa kimo na umri wake kawaida isiyo na punguzo ni lita 4, naye amepuliza lita 3.1. Hiyo ni chini kidogo ya asilimia 78, na kwa mpaka wa asilimia 80 uliozoeleka kwa miaka mingi (siku hizi wataalamu hupendelea mpaka wa kitakwimu, lakini ule wa zamani bado umo vichwani na katika fomu), huyu anahitaji kuchunguzwa. Sasa mhudumu abonyeze Mmarekani Mweusi na mashine ikate asilimia 15. Kawaida inashuka hadi lita 3.4, na lita zilezile 3.1 zinakuwa asilimia 91. Karatasi inatoka na neno "kawaida", na mtu anarudishwa kwenye vumbi. Muuza sukari akikutwa na mizani inayopunguza gramu kwa baadhi ya wateja kulingana na sura zao, Wakala wa Vipimo hautamuuliza kama alikuwa na nia njema.

Punguzo hili limetoka mbali. John Hutchinson, daktari wa Uingereza, alichapisha mwaka 1846 maelezo ya kifaa alichokiunda: silinda iliyopinduliwa ndani ya maji na kuninginizwa kwa vizani, ambayo huinuka mtu anapopuliza hewa chini yake. Aliwapima watu zaidi ya 2,000, wakiwemo mabaharia, polisi, wazima moto, mabondia, mafukara na mabwana wenye nafasi zao, akagundua jambo ambalo halijapingwa mpaka leo, kwamba hewa mtu anayoweza kutoa hupanda pamoja na kimo chake kwa hesabu inayotabirika. Tangu siku hizo aliona kwamba kampuni za bima ya maisha zingefaidika na kifaa chake, jambo la kukumbuka kila tunapoambiwa kwamba kipimo cha hospitali hakina uhusiano na fedha za watu. Miaka 5 baadaye, 1851, Samuel Cartwright, daktari wa Louisiana aliyekuwa mtetezi mkubwa wa utumwa, alitangaza kuwa mapafu ya Mtu Mweusi yana upungufu wa kama asilimia 20, na kwamba kazi ya kulazimishwa humsaidia kwa sababu humfanya avute hewa ya kutosha. Ni Cartwright huyuhuyu aliyebuni drapetomania, "maradhi" ambayo eti ndiyo yanayomfanya mtumwa atoroke.

Ingekuwa rahisi kumcheka Cartwright na kupita, lakini namba haikufa naye. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha, Benjamin Gould alichapisha mwaka 1869 vipimo vya maelfu ya askari, na wale Weusi wakaonekana kuwa na pumzi pungufu. Wengi wao walikuwa wametoka utumwani juzi tu, wamelelewa kwa njaa na maradhi, lakini hali hiyo haikuingia katika hesabu. Kilichoingia ni rangi. Mwaka 1896 Frederick Hoffman, mtakwimu wa kampuni ya bima, alizichukua takwimu za namna hiyo kudai kwamba Wamarekani Weusi ni watu dhaifu kwa maumbile yao. Mtafiti Lundy Braun, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu jinsi ubaguzi ulivyoingizwa ndani ya mashine hii, anaonyesha namna dhana hiyo ilivyorithiwa kutoka kitabu hadi kitabu mpaka ikakoma kuitwa dhana. Kufikia miaka ya kompyuta ilikuwa imeshakuwa kitufe: punguzo la asilimia 10 hadi 15 kwa Weusi, 4 hadi 6 kwa Waasia. Mwaka 1999, huko Baltimore, kampuni moja kubwa iliyokuwa ikishtakiwa kwa madhara ya asbestosi iliiomba mahakama iwatake wafanyakazi Weusi waonyeshe mapafu mabovu zaidi kuliko wenzao Weupe kabla madai yao hayajasikilizwa. Waliovuta asbestosi ileile walikuwa wanaombewa mizani miwili.

Atakayesema kwamba hayo ni ya kale ayatazame majedwali ya mwaka 2012, ambayo ndiyo yaliyomo katika mashine nyingi tunazonunua. Mpango wa kimataifa wa utendaji wa mapafu, unaojulikana kwa kifupi GLI, ulikusanya vipimo vya watu 74,187 wasiovuta sigara. Kati yao 57,395 waliwekwa katika kundi la Wazungu. Wamarekani Weusi walikuwa 3,545, hata asilimia 5 hawafiki, na ndio walioachiwa kazi ya kuwa kielelezo cha kila mtu mweusi duniani, kuanzia Dakar hadi Mombasa. Waandaaji wenyewe hawakuridhika na hali hiyo. Mwaka 2022 walitoa mlinganyo mpya usiouliza asili ya mtu, ambao huyapa makundi yote uzito sawa, na mwaka 2023 Chama cha Madaktari wa Kifua cha Marekani kikapendekeza utumike badala ya ule wa zamani. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la tiba la New England ulikadiria kwamba badiliko hilo lingeweza kugusa uainishaji wa hali ya mapafu ya Wamarekani hadi milioni 12.5, na kwamba malipo ya ulemavu kwa maveterani Weusi pekee yangeongezeka kwa zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Fedha hizo zinatoka katika kubadilisha kigawanyo tu, maana hakuna pafu hata moja lililobadilika.

Hoja nzito dhidi yangu ni kwamba tofauti ipo kweli. Ipo. Ukiwapima watu wenye kimo kimoja, kwa wastani wenye asili ya Afrika hutoa hewa pungufu kuliko wenye asili ya Ulaya, na sehemu ya sababu ni umbo: kwa kimo kilekile, miguu huwa mirefu zaidi na kiwiliwili kifupi zaidi, na mapafu hukaa kiwiliwilini. Kuna pia utafiti uliochapishwa mwaka 2017 juu ya watoto wa shule wenye afya kutoka Angola, Madagaska na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao vipimo vyao vilikaribiana na jedwali la Wamarekani Weusi. Mtetezi wa punguzo atasema hapo kesi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu umbo la mwili linaeleza sehemu tu ya pengo, na sehemu hiyo ingeweza kupimwa moja kwa moja: mkalishe mtu kitini, pima urefu wa kiwiliwili chake kwa futi, andika. Kuna Wamasai na kuna Wamakonde, kuna Waluo na kuna watu wa visiwani, na mwenye macho hatadai kwamba wote hao wana uwiano mmoja wa miguu na kiwiliwili unaoweza kuwakilishwa na neno moja kwenye kioo.

Sehemu iliyobaki ya pengo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mapafu huanza kujengeka tumboni na huendelea kukua hadi ujana. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, aliyeugua nimonia mara kwa mara, aliyelala katika chumba kimoja na jiko la mkaa, au aliyepungukiwa chakula, hufikia utu uzima na mapafu madogo kuliko ambayo angekuwa nayo. Tukikusanya watu wa namna hiyo, tukatafuta wastani wao na kuuita kawaida ya Waafrika, madhara tuliyotakiwa kuyagundua tutakuwa tumeyaingiza ndani ya kipimo kinachotakiwa kuyagundua. Na ushahidi unaonyesha kwamba mwili hautoi punguzo. Peter Burney na Richard Hooper, watafiti wa London, walichapisha mwaka 2012 uchambuzi wa Wamarekani Weusi na Weupe waliofuatiliwa kwa miaka, wakaona kwamba ukilinganisha watu wenye kiwango kilekile cha hewa bila kukikata kwa rangi, uwezekano wao wa kufa ulikaribiana. Tofauti ingekuwa maumbile yasiyo na madhara, mtu Mweusi mwenye lita chache angeishi muda mrefu kuliko mtu Mweupe mwenye lita hizohizo. Hakuishi muda mrefu kuliko yeye.

Kwa sababu hiyohiyo sivutiwi sana na pendekezo linalosikika la kizalendo, kwamba tutengeneze majedwali yetu wenyewe, ya Tanzania, ya Kenya, ya Uganda. Tafiti za kuwapima watu wetu zinahitajika, tena nyingi. Lakini jedwali la taifa lililojengwa juu ya watu waliokulia moshini litatuambia tu kwamba tuko sawasawa na sisi wenyewe. Serikali ya Tanzania, katika mkakati wake wa mwaka 2024, imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ikifanikiwa, mapafu ya watakaozaliwa baada ya hapo huenda yakawa makubwa kuliko ya mama zao, na itakuwa ajabu kuwapima kwa kawaida iliyochukuliwa enzi za kuni.

Pingamizi ninalolichukulia kwa uzito zaidi linatoka kwa madaktari wenyewe. Ukiondoa punguzo, wanasema, watu wengi wasio na dalili yoyote wataamka wamekuwa wagonjwa kwenye karatasi. Atakayeomba kazi ya zimamoto atakataliwa. Mgonjwa wa saratani ya mapafu ambaye upasuaji ungemwokoa ataambiwa mapafu yake hayatahimili. Hofu hiyo ina msingi, na mlinganyo mpya si msahafu: kwa kuwa ni wastani wa makundi yote, unaweza kumwita mgonjwa Mwafrika aliye mzima, na Mzungu mgonjwa ukamwita mzima. Lakini tazama pingamizi hili linalaumu nini hasa. Linalaumu desturi ya kuiachia asilimia moja iamue kazi, kisu na fidia. Desturi hiyo ni mbovu hata punguzo likibaki, tofauti ni nani tu anaumia. Mwombaji wa zimamoto apimwe kwa kukimbia na kubeba, na mgonjwa wa saratani apimwe uwezo wake wa kupanda ngazi na kiasi cha pafu kitakachobaki baada ya upasuaji. Zaidi ya hayo, makosa haya mawili hayalingani. Aliyeitwa mgonjwa kimakosa hurudi kupimwa tena na kupigwa picha ya kifua, usumbufu na gharama, kisha huambiwa yu salama. Aliyeitwa mzima kimakosa hairudii spirometa mpaka atakaposhindwa kupanda kilima cha kwenda kwake.

Kuna na wale watakaouliza kama huu ni wakati wa kubishana juu ya kitufe, ilhali zahanati nyingi hazijawahi kuiona spirometa na pumu hutambuliwa kwa sikio na uzoefu wa tabibu. Kwa vijijini nakubaliana nao, na kule ningeanza na kipima kasi ya pumzi, kile kibomba cha plastiki chenye mshale, kilichotokana na kazi ya Martin Wright wa Uingereza mwaka 1959, ambacho ni rahisi, hakitumii umeme na kinamtosha mwenye pumu kujua kama leo ni siku ya hatari. Lakini spirometa chache tulizo nazo zimekaa mahali maalumu: hospitali za rufaa, na kwenye magari na vyumba vya upimaji wa afya kazini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya wanapoajiriwa na wakiwa kazini, na Kenya inayo sheria yake ya mwaka 2007. Huko kwenye saruji, mkonge, pamba, kahawa na kokoto ndiko kuna vumbi, na ndiko kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa upande wa Tanzania na sheria ya fidia ya ajali kazini kwa upande wa Kenya, zinazosubiri daktari aseme mapafu yamepungua kwa kiasi gani. Uchache wa mashine unaongeza uzito wa kitufe, kwa kuwa kila karatasi inayotoka haina ya pili ya kuipinga.

Tena kwa mfanyakazi kuna kipimo bora kuliko jedwali lolote la dunia, nacho ni yeye mwenyewe siku alipoajiriwa. Baada ya ujana, mtu mzima asiyevuta sigara hupoteza kama mililita 25 hadi 30 kwa mwaka katika ile hewa ya sekunde ya kwanza. Aliyeingia kiwandani akitoa lita 4.2, na miaka 5 baadaye akatoa 3.5, bado anaweza kusomeka "kawaida" kwenye jedwali lolote lile, lenye punguzo au lisilo nalo. Lakini amepoteza mililita 700 wakati umri ungemchukulia 150 tu. Kwa hiyo kipimo cha siku ya kuajiriwa kifanywe kabla hajagusa vumbi, kiandikwe kwa lita na si kwa asilimia peke yake, na nakala apewe mwenyewe akae nayo, kwa sababu kampuni huuzwa, majalada hupotea, na kibarua wa mkataba wa miezi 3 huhama kutoka kiwanda hadi kiwanda bila faili lolote kumfuata.

Kuzima punguzo kwenyewe ni kazi ndogo. Wizara za afya zitoe waraka wa ukurasa mmoja kwamba mlinganyo usiouliza asili ndio utakaotumika, na kwamba karatasi ya majibu ionyeshe ni mlinganyo upi uliotumika. Bohari ya Dawa ya Tanzania na KEMSA, bohari ya dawa ya Kenya, waandike katika zabuni zao kwamba spirometa isiyo na mlinganyo huo hainunuliwi. Wauzaji watafuata, kwani programu ishatengenezwa. Mafunzo ya wahudumu yataje kitufe hicho kwa jina, na sababu ya kutokukigusa. Kazi kubwa iko kwenye makabati. Humo kuna majibu ya miaka mingi, na mengi yana lita zake, kimo na umri wa mpimwaji, yaani kila kitu kinachohitajika ili hesabu irudiwe bila mtu kuitwa kupuliza tena. Kama yumo mchimbaji au kibarua ambaye dai lake la fidia lilikwama kwa sababu karatasi ilisoma "kawaida", faili lake ndilo la kufunguliwa kwanza.